Kichanja cha Jirani Yangu

Mwaloni kwetu, pwani ya ziwa tunapoanika ndagala, yaani dagaa, mtu hagusi za mwenzake. Hata mvua ikianza kudondoka na mwenyewe yuko sokoni, utamwita, utapiga kelele, utamtuma mtu amkimbilie, lakini mkono wako hauingii kwenye kichanja chake. Ukionekana unageuza samaki za mtu asiyekuwepo, wewe ni mwizi, au una jicho, na jicho ndilo baya zaidi, maana mwizi huiba akaondoka. Nilipofika hapa Rumonge kutoka Tanzania, ambako mama alikimbilia wakati wa machafuko, mimi nikiwa mgongoni mwake, na nikarudi nikiwa na watoto wangu, niliona huo ni ushamba. Kule Kigoma tuligeuziana dagaa bila hata kuulizana. Nikageuza za mtu mara moja tu, jua lilikuwa kali nikamhurumia, nikatukanwa Kirundi, nikatukanwa Kiswahili, na wa mwisho akamalizia kwa Kifaransa.

Aliyenitetea siku hiyo ndiye aliyekuwa jirani yangu wa kichanja mpaka mwisho. Alikuwa Mwislamu wa pale mjini, wa ukoo wa watu waliovuka ziwa zamani kutoka upande wa Kongo wakifuata biashara, wakasahau kurudi. Mjane, amenizidi umri kidogo, binti yake mmoja tu kaolewa Uvira. Mwili mkubwa, sauti kubwa, na kicheko ambacho wavuvi walisema kinafukuza samaki.

"Mumuache huyu Mutanzaniya," aliwaambia wenzake. "Kwao haiko macho mabaya. Kwao iko njaa tu."

Wakacheka, nami nikacheka ingawa nilikuwa nimekasirika. Tangu siku hiyo jina langu mwaloni likawa Mutanzaniya, na yeye nikawa namwita jirani. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, akanywa kikombe kimoja, cha pili akaniwekea juu ya jiwe lililokuwa kati yetu. Hakusema karibu wala nini. Kikombe kinakaa pale, ukitaka kunywa unakunywa.

Kwa wasioijua kazi yetu, ni hivi. Wavuvi wanarudi kunapopambazuka, tunanunua kwa beseni, tunasuuza, tunamwaga kwenye waya uliopigiliwa juu ya miti, tunatandaza kwa viganja mpaka kila samaki alale peke yake. Jua likipanda tunageuza. Likikaza tunageuza tena. Ndagala isiyogeuzwa inakauka juu na kuoza chini, na hilo mwaloni analijua kila mtu, hata mlevi.

Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa dhoruba. Lilipanda taratibu, masika baada ya masika, likala mchanga, likala vibanda, likaingia kwenye nyumba za watu huku wameketi ndani wakijiambia litarudi. Safu nzima ya mbele ya vichanja ikaingia majini. Wenyewe wakawa wanaanika chini, juu ya nyavu kuukuu, na ndagala za chini zina mchanga. Mchuuzi wa Bujumbura anatafuna moja, anatema, anakwenda zake bila hata kusema samahani. Ndipo komite ya plaji, yaani ya mwalo, ikakaa, ikatoa sheria: kichanja kikikaa kitupu juma zima wakati samaki wapo, anapewa aliye wa kwanza kungoja. Sheria ilikuwa ya haki. Mimi mwenyewe niliipigia makofi.

Wenye safu ya mbele walipokwisha kupewa, wa kwanza kungoja alikuwa mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Kabezi. Maji yalikuwa yameichukua nyumba yake, mume alikwenda kutafuta kibarua na hakurudi, naye akaja kujibanza kwa shemeji yake huko Gatete pamoja na watoto. Alikuwa Mkristo mpole wa maneno machache, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku za kwanza tulimwona amebeba mtoto mgongoni na blanketi zilizolowa kichwani, anazunguka anatafuta pa kuzianika. Ilikuwa masika, jua likatoka mchana mmoja tu kwa siku nyingi, na wote tumelikimbilia kama watu waliosikia harusi. Jirani yangu akazisukuma ndagala zake zote upande mmoja wa kichanja, zikarundikana, akamwita yule mwanamke, akamtandazia blanketi za mtoto kwenye ule upande mwingine.

Nikasonya. "Jua la saa sita hili, jirani, unalitoa sadaka?"

"Ndagala iko na kesho," akanijibu. "Mutoto atalala na nini leo?"

Nusu ya samaki zake jioni hiyo ziliharibika. Hakulalamika. Yule wa Kabezi alikunja blanketi, akashukuru, "Murakoze," akaenda, na mimi nikadhani yamekwisha hapo.

Jirani alianza kuvimba tumbo kiangazi kilichofuata. Na sisi tulivyo, tulimtania. Tulimwambia ana mimba ya uzeeni, tukamuuliza baba ni nani kati ya wavuvi, naye akatutajia mmoja kila siku, mpaka wazee wa watu wakawa wanapita mbali na vichanja vyetu. Tulicheka sana. Sipendi kukumbuka vicheko vile. Macho yalipogeuka manjano ndipo tukanyamaza. Daktari wa hapa akasema ini, akamwandikia aende Bujumbura.

Asubuhi ya kuondoka alipitia mwaloni akiwa na kikapu chake, mpwa wake anamngoja barabarani. Akauzunguka waya wa kichanja chake akiushika mahali mahali, akiangalia kama umelegea. Alikuwa amekwisha kuuza samaki zake zote. Kichanja kilikuwa kitupu.

"Mutanzaniya," akasema, na hakucheka. "Kichanja yangu isipotee. Nikipona nikakuta haiko, nitakuwa nimeponea nini?"

Nikamwambia hakipotei. Nilisema kwa nguvu, kama mtu mwenye mamlaka. Mamlaka gani? Sikuwa hata kwenye komite.

Nilikwenda kwa shefu wa plaji, ndiye mwenyekiti wa komite, nikamweleza. Mtu yule hana roho mbaya, ana watoto, anasali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mimi namuonea huruma. Lakini nikimuachia huyu, kesho watakuja wote na mgonjwa wao." Nikamwambia mgonjwa wetu si mgonjwa wa uongo. Akasema anajua. Nikarudi kwenye kichanja changu nikiwa nimewaka, nikageuza ndagala kwa hasira mpaka nikazivunja mikia.

Mtaniuliza kwa nini sikumwaga samaki zangu pale ili kionekane kina kazi. Kumwaga beseni kwenye kichanja cha mtu, mwaloni kwetu, ni kusema hiki sasa ni changu. Kichanja changu ninacho. Wangesema Mutanzaniya hata hajangoja mwenzake azikwe, anashika viwili. Kwa hiyo nikawa nakitazama tu. Siku zikawa zinapita, na samaki walikuwa wengi mno juma lile, kila waya umejaa, chake peke yake kinang'aa.

Juma lilikuwa linakaribia kuisha. Asubuhi, tunatandaza, yule wa Kabezi akainuka kutoka chini alikokuwa anaanika, akachota konzi moja ya ndagala kutoka kwenye beseni lake, akatembea mpaka kwenye kichanja cha jirani, akaimwaga katikati ya waya. Konzi moja. Akaitandaza kwa kidole, akarudi akachuchumaa.

Kila mtu alielewa kitu kimoja: anayengoja amechoka kungoja. Mimi damu ilinipanda kichwani. Niliacha beseni langu, nikamwendea.

"Mama wa Kabezi," nikamwambia, "mwenzetu hajafa."

Akanitazama kutoka pale chini. Hakuinuka, wala hakuogopa. Akatafuta maneno, maana Kiswahili kilikuwa kinamkimbia.

"Ikionekana iko bure, watanipa mimi," akasema. "Mimi sitaki kupewa hivyo."

Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarishia matusi ya kutosha asubuhi nzima, na yote yakakosa kazi. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, kana kwamba ananieleza jambo ambalo mtu mzima ningepaswa kulijua, "Mutoto wangu alilala kwa kukauka."

Nikarudi kwenye kichanja changu, nikachota konzi, nikaenda nikaimwaga karibu na ile yake. Ilikuwa shida kuliko mnavyofikiri. Nilihisi macho yote mgongoni. Lakini nilipogeuka nikamwona bibi mmoja wa vichanja vya juu, ambaye yeye na jirani walikuwa hawajasalimiana tangu ugomvi wao wa turubai, anakuja na konzi yake huku amenuna. Akamwaga, akasema, "Si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya kichanja." Haya, mama, tumekusikia. Nyuma yake akaja mwingine. Kabla jua halijakaza, kila mwanamke mwaloni alikuwa amepita pale na mkono wake.

Shefu wa plaji alipita baadaye, akasimama.

"Hizi za nani?"

"Zake," nikasema.

"Na yeye yuko wapi?"

"Bujumbura."

Akatazama samaki, akanitazama mimi, akaukwaruza mchanga kwa kandambili. "Basi iko na samaki," akasema, akaenda zake.

Ningependa kusema tuliishi kwa raha baada ya hapo. Wapi! Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini wahenga hawakusema kibaba chenyewe kitanuka. Kila aliyepita alitoa alichokuwa nacho mkononi wakati ule: mmoja za majini, mwingine zilizokwisha kukauka nusu, mwingine za jana. Kesho yake wakaongeza juu. Ukipita, mkono unamwaga, umemaliza wajibu wako, unaondoka umefurahi. Kutoa tulitoa wote. Kugeuza hakuna aliyegeuza. Kuongeza samaki ni wema, lakini kugeuza samaki za mtu asiyekuwepo mnajua tunakuitaje. Mimi na akili zangu zote za Kigoma nilikaa hatua chache kutoka pale, nikaona mainzi wanakusanyika, nikajiambia si mkono wangu.

Ikanuka. Si harufu ya ndagala, ile tumezoea, hata nguo za kanisani zinayo. Hii ilikuwa harufu ya kuoza, na upepo wa ziwa ukaichukua ukaipeleka mpaka barabarani. Wachuuzi wakawa wanaziba pua kwenye vichanja vyetu safi. Shefu akarudi, safari hii hakuwa na subira: kisafishwe leo. Lakini nani akisafishe? Tulisimama tumekizunguka, wanawake wazima wenye wajukuu, hakuna anayetaka mkono wake uwe wa kwanza.

Nikampigia jirani simu. Nilitaka kujificha pembeni, wakakataa, nikaweka sauti ya nje nikaishika simu juu ya kichanja. Nikamsalimia, nikamweleza yote, tangu konzi ya kwanza mpaka mainzi. Nikafikiri anakohoa, kumbe anacheka, na kucheka kunamuumiza.

"Weye Mutanzaniya," akasema, "iko na pua ao haiko?"

Wenzangu wakaanza kucheka.

"Mutoe hiyo uchafu. Na mugeuze. Nimesema mbele ya watu wote, na Mungu anasikia. Mikono yote iko mikono yangu. Mutu asiogope."

Halafu sauti ikabadilika, akasema, "Yaani mulimwaga nyote? Hata yule wa turubai?"

Yule wa turubai akainama kwenye simu, akasema, "Nyamaza, upone." Na hapo jirani akalia. Tulimsikia akilia pale juu ya samaki zilizooza, na hatukujua pa kuangalia. Mwenye simu ni mimi, nikashindwa kuikata.

Tulikisafisha kichanja, tukakisugua kwa mchanga na maji. Baada ya hapo tukapata akili. Ndagala za kichanja kile zikawa zinatoka mtumbwi mmoja, kwa wakati mmoja. Wavuvi walikuwa wamesikia habari, na habari za mwaloni hazihitaji redio. Mmoja akawa anasema, "Hii ya mgonjwa," anamwaga karai moja pembeni kabla ya kuanza kuuza, na mwenzake asiyetaka kuonekana mchoyo anamwaga karai na nusu. Waliokuwa wanashona nyavu wakaja na miti mipya, wakaibadilisha iliyolegea. Kugeuza tukageuza wote, yeyote anayepita, na zikikauka tukamuuzia. Na ikatokea kitu ambacho sikukitarajia: mikono ikishazoea, haijui kusimama mpakani. Siku moja mvua ikatushtukiza, mimi nikiwa mjini. Nilirudi mbio nikililia samaki zangu, nikakuta zimekusanywa, zimefunikwa, na hakuna aliyejitokeza kusema ni mimi. Nilitamani jirani angekuwepo aone. Ni yeye aliyetufikisha huko, na alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma Bujumbura, ananing'iniziwa maji ya dawa.

Nilikwenda kumwona. Nilimbebea pakiti ya ndagala za kichanja chake, nzuri, nyeupe, zimekauka mpaka zinalia ukizishika. Alikuwa amekonda uso na mikono, tumbo tu ndilo lililobaki kubwa, na ule mwili tuliouzoea sikuuona popote. Nilijikaza. Kula hakuweza. Alifungua pakiti akainusa muda mrefu, amefumba macho.

"Nani aligeuza hizi?"

Nikamtajia, mmoja mmoja. Alitaka kujua nani alitoa nini, nani alisema nini, shefu alikunja uso namna gani. Nikamwigizia wote. Alicheka kwa pua tu, tumbo lisitikisike.

Halafu akauliza, "Na yule wa Kabezi? Bado iko anaanika chini?"

Nikasema ndiyo. Bado.

"Na mvua iko karibu."

Nikasema ndiyo, mawingu yameanza kukaa juu ya milima.

Akafunga pakiti ile, akaikunja mdomo vizuri, akanirudishia. Nilifikiri amechoka. Nikamwambia kichanja chako kipo, jirani, kimejaa, kinakungoja, wewe pona tu. Akaniangalia kwa yale macho ya manjano, akanipigapiga mkono kama mimi ndiye mgonjwa.

Walimrudisha nyumbani muda si mrefu baadaye. Daktari alisema kwa Kifaransa, mpwa wake akatutafsiria, lakini hata bila kutafsiriwa tungejua. Mgonjwa anayeambiwa aende kupumzika kwao, na hajapona, tunajua anakwenda kupumzika nini. Binti yake akavuka kutoka Uvira. Sisi tukawa tunapokezana kwenda, na kila anayekwenda anampa habari za kichanja: leo kilikuwa na samaki mukeke wadogo, leo wachuuzi wamegombania za kwako. Tulimpa hizo habari kama dawa. Ndiyo dawa pekee tuliyokuwa nayo, na niseme kweli, nilikuwa naamini inafanya kazi. Nilijiambia kichanja kikiwa kimejaa, mwenye kichanja hawezi kufa. Mtu akipenda, anakuwa mjinga hivyo.

Siku moja asubuhi nikamwona anakuja. Mpwa alikuwa amemkodia gari, likashuka mpaka pale mchanga unapoanza, na kutoka hapo binti yake na mpwa wakamshika huku na huku. Amefunga kitenge kifuani, kama zamani, ila kilizunguka mara nyingi zaidi. Mwalo ukasimama. Tulitaka kushangilia, na mikono ikatuishia njiani. Akakalishwa kwenye beseni lililopinduliwa, mbele ya kichanja chake.

Kilikuwa kimejaa pembe hadi pembe. Sijui kama ni Mungu au wavuvi, lakini siku ile kilikuwa kizuri kuliko vyote. Akanyoosha mkono, akageuza mstari mmoja wa ndagala, polepole, kwa ncha za vidole, namna yake. Sote tukawa tunautazama mkono ule.

"Asanteni," akasema. "Murakoze. Mungu awalipe." Akapumua. "Sasa mutoe samaki zenu."

Tukafikiri hatukusikia.

"Mutoe. Kila mutu achukue konzi yake. Hii kichanja nataka iwe mutupu."

Nikasema, "Jirani, ni zako hizo."

"Najua iko zangu. Mulinipa. Mimi sitaanika tena, Mutanzaniya. Weye unajua, mimi najua, hata shefu pale anajua. Na huyu," akaonyesha kwa kidevu chake yule wa Kabezi, aliyekuwa amechuchumaa kwenye nyavu zake, mtoto mgongoni, "huyu iko anaanika kwenye mchanga, mvua inakuja, na mimi nimelala kitandani nimemufungia kichanja. Nyinyi mulinifungia."

"Ukishindwa kabisa komite itampa," nikamwambia. "Ndiye wa kwanza. Kwa nini uharakishe?"

"Nikifa komite itamupa. Ndiyo. Mimi nataka kumupa mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Tangu niugue munanipa tu. Chai munanipa, samaki munanipa, miti mumenipa. Mimi haiko kitu cha kutoa tena, iko hii moja. Mukijaza kila siku, nitaitoa lini?"

Hakuna aliyesogea. Tulikuwa tumezoea kwenda pale kumwaga, hakuna aliyewahi kwenda pale kuchota. Kuchota kulikuwa ni kukubali. Yule wa turubai ndiye aliyeanza. Alikuja analia kwa sauti bila aibu, akachota konzi moja, akaenda nayo kifuani. Wengine wakamfuata. Kila mkono ulioingia ulimwachia nafasi kidogo ya waya mtupu, na yeye alikuwa anautazama ule waya unavyotokea, uso umetulia. Shefu alivua kofia. Nikabaki mimi.

Nilikataa. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba sitoi, kwamba konzi yangu itakaa pale mpaka iote mizizi, kwamba kama anataka kwenda aende lakini asinifanye mimi nimsindikize. Nilisema vibaya, nilikuwa na hasira na yeye, na Mungu, na lile ziwa lililokuwa limetulia pale nyuma likimeta kwa jua.

"Mutanzaniya," akasema, "nisaidie."

Nikachota. Zilikuwa bado mbichi, zikanilowesha viganja. Sikumbuki nilizipeleka wapi.

Kichanja kikawa kitupu. Akamwita yule wa Kabezi, naye akakataa kuinuka, anatikisa kichwa, anasema "Oya, mama, oya," mpaka binti wa Uvira akaenda akambebea beseni lake mwenyewe. Jirani akasema mbele ya shefu na mbele yetu sote kwamba kichanja hiki amekitoa, yuko na akili zake, hajalazimishwa. Halafu akaingiza mkono kwenye beseni la yule mwanamke, akachota konzi ya kwanza, akaimwaga katikati ya waya, akaitandaza mpaka kila samaki akalala peke yake. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia, maana sote tulielewa kwamba hapo mkono ulikuwa wake peke yake.

Mawingu yalitanda juma lile, na ndagala zikawa zinakataa kukauka. Jirani alikufa kabla konzi ile haijawa tayari. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, na jioni yule wa Kabezi akaja msibani na kikapu. Alikuwa amezikusanya zote kutoka kwenye kile kichanja, zikiwa bado laini. Zikapikwa kwa mawese, zikapakuliwa na ugali wa muhogo, na tukala sote, Waislamu na Wakristo, waliorudi kutoka Tanzania na waliokuwepo siku zote. Tonge la kwanza lilinikwama. La pili nikalimeza.